Usibandike kwa Mtu Mwingine

Jumatatu, Machi 2

Mvua ya kwanza imeingia ofisini kabla yangu. Nimekuta ndoo iko katikati ya chumba, na Fundi Sauti amekaa kando yake na vipokea sauti masikioni, anarekodi matone. "Usitupe kitu, dadangu," akaniambia. "Mvua hii nitaitia kwenye kipindi cha sita."

Tumepata kazi kubwa: katuni za watoto, vipindi kumi na viwili, vyote viwe tayari mvua zikikatika. Wenye kazi ni shirika la elimu, na anayesimamia ni mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, tunamwita Mama wa Mradi. Hadithi ni ya mtoto wa kiume aitwaye Shujaa na rafiki yake wa kike anayetembea kwa gongo. Huyo rafiki nimepewa mimi, nimchore na nimtembeze.

Nikafungua maandishi ya mradi nione anaitwaje. Anaitwa Rafiki Mlemavu. Hana jina lingine. Shujaa ana jina, mbwa wa Shujaa ana jina, hata duka la kona lina jina. Nimefunga faili nikaenda kunywa chai.

Naandika haya kwa sababu dada yangu amechoka. Anasema hasira zangu nizitue mahali njiani, nisipande nazo ngazi mpaka kwake.

Jumanne, Machi 3

Nimemchora. Ana meno mawili makubwa ya mbele na soksi zisizofanana. Nampenda tayari, na hajatembea hata hatua moja.

Alhamisi, Machi 5

Leo nimegombana na bosi.

Niieleze kwanza kazi yetu, maana watu wengi wanadhani kompyuta ndiyo inayotembeza. Mtu wa katuni tunamkata vipande: kichwa, kiwiliwili, paja, mguu wa chini, mkono. Kila kipande kina tabaka lake, tabaka juu ya tabaka kama nguo zilizokunjwa kabatini. Chini ya skrini upo mstari wa muda. Ukitaka paja lisogee, unaweka alama kwenye mstari: hapa liwe nyuma. Unasonga mbele kidogo, unaweka nyingine: hapa liwe mbele. Safari ya katikati kompyuta inaijaza yenyewe. Hizo alama sisi tunaziita nukta. Mwendo mzima wa mtu ni nukta tu, na nukta zinanakilika. Unazizoa zote kwenye matabaka ya mtu mmoja, unazibandika kwenye matabaka ya mwingine, naye anaanza kutembea kama yule. Ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Bosi wetu anaitwa Chapuchapu. Mwenyewe analijua jina hilo na analipenda. Ana mwendo mmoja alioutengeneza zamani, tunauita mwendo wa nyumba, na umebandikwa kila mahali: kwa daktari wa tangazo la dawa ya meno, kwa mama wa sabuni, kwa askari wa usalama barabarani. Mwaka jana ulibandikwa kwa chupa ya maziwa. Ndio anaotembea nao Shujaa, na leo Chapuchapu amenisimamia nyuma ya kiti akasema niubandike kwa msichana pia.

"Bosi, huyu ana gongo."

"Gongo mpachike mkononi. Miguu ni miguu."

"Mguu wake wa kushoto haubebi uzito."

"Binti, watoto wanafuata hadithi. Hakuna mtoto atakayekaa achunguze goti."

"Mimi nilikuwa mtoto. Nilichunguza."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani ambalo halimo kwenye kitabu, kisha simu yake ikalia akaenda zake.

Nikabandika, nione. Kwanza nilisahau kuziacha nukta za mahali, zile zinazosema mtu asimame wapi, nikazibeba na zenyewe, kwa hiyo msichana wangu akaruka kutoka kwake akaenda kusimama ndani ya tumbo la Shujaa. Kosa hilo hutupata wote. Nikalirekebisha, nikabofya tena. Akatembea. Akatembea vizuri mno, miguu yote miwili mizima, magoti juu, na gongo linaning'inia mkononi kama mwavuli wa mtu siku ya jua.

Hapana. Mimi hilo silifanyi.

Jumamosi, Machi 7

Dada yangu anafundisha hesabu shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara kutoka kwetu. Mguu wake wa kushoto ni dhaifu tangu utotoni, na gongo lake la mkono wa kulia amebadilisha mara nyingi kuliko mimi nilivyobadilisha viatu. Tunakaa wawili ghorofa ya tatu. Msimu wa mvua ndio msimu wake wa matusi, kwa sababu ngazi zinalowa na mpira wa chini ya gongo unateleza.

Nilimkuta mlangoni anaufuta mpira kwa tambara. Nikaona ndio wakati.

"Dada, naomba nikurekodi ukitembea."

"Unirekodi nikitembea? Kwani mimi ni maandamano?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kila mwaka, kila darasa jipya, akigeuka tu kuandika ubaoni, kuna mtoto anayesimama nyuma na kuuiga mwendo wake. "Siwaoni. Nasikia. Kwanza kicheko, halafu viatu. Na wanaiga vibaya, hilo ndilo linaloniudhi zaidi." Akaegemeza gongo ukutani. "Sasa mdogo wangu naye anataka kuniiga kwa umeme. Nenda kachemshe maji ya chai."

Nikachemsha. Nitautengeneza mwendo wake kwa kichwa. Nimemtazama maisha yangu yote, nitashindwaje?

Jumatatu, Machi 9

Mvua. Ndoo mbili sasa.

Jumatano, Machi 11

Mwendo wa msichana naufanya kwenye saa ya chakula, Chapuchapu akiwa nje. Fundi Sauti amepita nyuma yangu, ameona, akatazama dirishani. "Mimi sijaona kitu," akasema. Huyu ndiye mwanamume mwenye kipaza sauti kikubwa kuliko vyote ofisini na hana sauti. Nilimwambia hivyo hivyo. Akacheka, jambo lililoniudhi zaidi.

Ijumaa, Machi 13

Nimemaliza. Nimeuangalia mwendo wangu mpaka machozi yakanilengalenga. Kila hatua anapoweka mguu wa kushoto kichwa kinashuka, mabega yanazama, halafu anajikusanya anaendelea. Ni mzuri. Nasema mwenyewe na sijali.

Jumamosi, Machi 14

Nimemwonyesha Dada.

Nilimletea kompyuta mezani kwa madaha, nikamfutia kiti. Aliangalia mara ya kwanza. Akaangalia mara ya pili. Nikangoja anisifu.

"Huyu mtoto amefiwa na nani?"

"Hajafiwa, Dada."

"Basi anakwenda kuomba msamaha. Kafanya nini?"

Nikajaribu kumweleza kwamba ni uzito, kwamba watazamaji lazima wauone ugumu. Akaniinulia mkono kama anavyowainulia wanafunzi.

"Ugumu wa nani? Mimi siumwi. Lini umenisikia nikisema naumwa nikitembea? Mimi nina haraka. Tangu nizaliwe nina haraka, kwa sababu nikichelewa watu wanadhani ni mguu, na nikiwahi wanashangaa. Hiki kichwa nacho, mbona kinashuka? Nikishusha kichwa naanguka. Ninaangalia mbele, kule ninakokwenda." Akagusa skrini kwa kidole, palepale kwenye uso wa msichana. "Bosi wako amempa miguu ya Shujaa. Wewe umempa huruma ya watu wa kituo cha basi. Wangu uko wapi hapo?"

Uso uliniwaka. Nilimpigania dada yangu ofisini kama simba, kumbe niliyekuwa nampigania ni mwingine kabisa, mtu niliyemtengeneza mwenyewe kutokana na sura za watu wanaompisha njia. Nilikuwa nimenakili, kama Chapuchapu tu. Tofauti ni kwamba yeye alijua ananakili.

Dada akainuka, akachukua gongo. "Leta simu yako. Mara moja tu. Na usiniambie nitabasamu."

Tukatoka. Ngazi zilikuwa zimelowa. Akashuka mpaka chini, akapanda, akavuka baraza la ghorofa yetu mpaka mwisho na kurudi. Mimi nyuma na simu, kisha mbele, kisha nahema. Nikaona mambo ambayo sijayaona tangu nizaliwe. Gongo linatangulia: linatoka mapema, kabla mguu haujaamua, linagusa sakafu na kuuita mguu uje. Bega la kulia linapanda, la kushoto linabaki tulivu. Kichwa hakichezi hata kidogo, ungeweza kuweka glasi ya maji juu yake. Na kwenye kona hapunguzi mwendo, anazungusha mwili wote juu ya gongo, kama mlango juu ya bawaba. Alifika mlangoni kabla yangu.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Haya. Kachemshe maji ya chai."

Jumanne, Machi 17

Nimefuta nukta zangu zote za wiki iliyopita. Zote. Naanza upya na video ya Dada pembeni ya skrini.

Ijumaa, Machi 20

Gongo linatangulia. Hapo ndipo siri ilipo. Nikiweka nukta ya gongo na nukta ya mguu pamoja, msichana anakuwa mgonjwa. Nikilitanguliza gongo kidogo tu, anakuwa na haraka. Nimekaa na hilo siku nzima, mvua inapiga mabati, na sijakasirika hata mara moja. Nimemwondolea lile jina la mradi. Kwenye matabaka yangu sasa anaitwa Kiherehere.

Jumanne, Machi 24

Chapuchapu ameona.

Alisimama nyuma yangu kwa muda, nikadhani ameupenda. Labda aliupenda, macho yake yalikuwa yakifuata goti. Halafu akauliza nimetumia siku ngapi, na nilipomwambia akashika kiuno.

"Vipindi kumi na viwili. Unataka kila mtu awe na mwendo wake? Mwalimu mkuu? Mpishi? Mbuzi?"

"Nataka huyu mmoja, bosi."

"Leo huyu mmoja, kesho Fundi Sauti naye ataniambia kila mlango uwe na sauti yake." Fundi Sauti akainama kwenye mashine zake. "Sikiliza, binti. Ofisi hii ina mwendo mmoja kwa wote. Ndiyo sababu tunamaliza kazi, na ndiyo sababu una mahali pa kukaa. Mwendo mmoja kwa wote. Umenielewa?"

Kisha akaniomba nimpishe, akakaa kwenye kiti changu, akazizoa nukta za Shujaa na kuzibandika juu ya Kiherehere mbele ya macho yangu. Wangu umefutika. Kipindi cha kwanza kimetumwa jioni kwa Mama wa Mradi, na msichana wangu amebeba mwavuli wake siku ya jua.

Nakala ninayo nyumbani. Mimi si mjinga.

Jumatano, Machi 25

Mama wa Mradi amekipitisha kipindi cha kwanza. Ameandika: "Safi sana." Chapuchapu amenisomea mara mbili.

Ijumaa, Machi 27

Sijaongea na mtu ofisini. Dada ameniuliza imekuwaje. Nimemwambia. Akabadilisha mpira wa gongo lake, akaugonga sakafuni kuujaribu. Afadhali angetukana.

Jumanne, Machi 31

Kipindi cha pili kina uwanja wa shule. Geti linafunguliwa na shule nzima inaingia: Shujaa, wanafunzi, mwalimu mkuu, mpishi, mlinzi. Chapuchapu ameniachia mimi niwatembeze wote, akapita mlangoni akiwa ameshika funguo na kunikumbusha: "Mwendo mmoja kwa wote, eh?"

"Mwendo mmoja kwa wote, bosi."

Nimekaa. Nimeangalia orodha ya matabaka, ndefu mpaka chini ya skrini. Nimefungua nakala yangu. Nimezizoa nukta za Kiherehere, zote, bega na goti na kichwa kisichocheza. Nimechagua matabaka ya shule nzima. Nukta za mahali nimeziacha, sikurudia kosa. Nimebandika.

Amri nimeitii neno kwa neno. Kikao na Mama wa Mradi ni keshokutwa. Nina furaha mbaya sana.

Alhamisi, Aprili 2

Niandike yote kabla sijaanza kujitungia uongo.

Mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba Mama wa Mradi alifika na viatu mkononi. Chapuchapu alivaa shati lililopigwa pasi. Alizima taa, akawasha mashine ya kuonyeshea ukutani, akafungua kipindi cha pili mwenyewe. Faili nilimpa asubuhi hiyo hiyo, na kwa kuwa yeye ni Chapuchapu, hakuwa ameiangalia.

Geti likafunguka. Shule ikaingia. Wote wanaegemea hewa. Shujaa mbele, mkono wa kulia umekamata gongo lisilokuwepo, mwili unalilalia, na hakuna kitu cha kumshika. Nyuma yake mwalimu mkuu vilevile na tai yake. Mpishi vilevile. Mlinzi vilevile. Umati mzima unaanguka na hauanguki, unaanguka na hauanguki. Na katikati yao, mmoja tu anayetembea sawasawa, kichwa juu, meno mbele, ana haraka zake: Kiherehere, kwa sababu yeye gongo analo.

Fundi Sauti alicheka kwanza, akajiziba mdomo. Halafu ndoo peke yake ikawa inasikika.

"Hawa wote wamepatwa na nini?" akauliza Mama wa Mradi.

Chapuchapu alinigeukia. Sijawahi kuona mtu akinyamaza kwa nguvu namna ile.

Nikasimama. Nilitaka kuongea kwa upole, lakini sauti iliyotoka ndiyo hii niliyo nayo. "Hawajapatwa na kitu, mama. Ofisi yetu ina mwendo mmoja kwa wote. Nimeagizwa, nimefuata. Nilichochagua ni mwendo uwe wa nani tu."

"Lakini wanaonekana kama wanaanguka."

"Ndiyo. Kwa sababu si wao. Naomba sasa utazame kipindi cha kwanza, uone upande wa pili wa kosa hilohilo."

Sikumngoja Chapuchapu. Nikakifungua. Kiherehere akapita ukutani na miguu ya Shujaa, magoti juu, gongo likining'inia. Mama wa Mradi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaomba turudie.

"Hiki nilikipitisha mimi," akasema polepole. "Nikaandika safi sana."

Hakuna aliyemsaidia.

"Huyu msichana anaitwa nani?"

"Kwenye maandishi ya mradi anaitwa Rafiki Mlemavu. Kwangu anaitwa Kiherehere."

"Maandishi yale niliyaandika mimi," akasema. Akachukua kalamu, akafuta kitu kwenye karatasi zake, akaandika kitu kingine juu. "Mpe mwendo wake. Vipindi vyote. Na hawa wengine warudishie mwendo wao, kabla sijapata kizunguzungu."

Akaenda. Chapuchapu akaniita kwenye ukumbi wa nje, pale penye rafu ya viatu. Nilijiandaa kwa makelele. Hakupiga kelele.

"Umenivua nguo mbele ya mteja."

"Uliniambia mwendo mmoja, bosi."

"Unajua ule mwendo wa nyumba ni wa nani?" Nikatikisa kichwa. "Wa mwanangu wa kwanza. Hata shule alikuwa hajaanza. Nilimfuata kwenye ukumbi nyumbani, nyuma yake, na penseli na karatasi, maana hatukuwa na kamera. Kila alipoinua mguu nachora. Sasa ana ndevu, yuko mbali, simu hapigi. Kila ninapoubandika mahali, namwona anatembea." Akatazama mvua. "Hata kwenye ile chupa ya maziwa."

Hapo moyo ulinilainika, siwezi kukataa. Miaka yote nilidhani ni uvivu. Kumbe mtu anamtawanya mwanawe kila mahali ili asimpoteze. Nilimhurumia kweli. Lakini sikuomba radhi, kwa sababu hata huruma ile haikuubadilisha mguu wa Kiherehere.

"Pole, bosi. Ule ni wa mwanao, na ni mzuri. Huu mwingine ni wa dada yangu."

"Una dada?"

"Ninaye."

Akaigeuzia mvua mgongo. "Utarekebisha vipindi vyote, peke yako. Tarehe haisogei. Na mkataba wako ukiisha, umeisha. Sitaweza kukaa na mtu anayenitii namna hii."

"Sawa, bosi."

Nilipanda ngazi za nyumbani nimelowa chapachapa. Nikamsimulia Dada. Nilipofika kwa mwalimu mkuu alicheka mpaka akashika meza. Aliposikia la mkataba akaacha kucheka, akaniuliza kama najuta.

Sijuti. Naogopa, ndiyo. Sijuti.

Jumatano, Aprili 8

Kipindi cha kwanza kimerekebishwa. Mvua.

Jumanne, Aprili 14

Cha tatu. Kwenye hiki Kiherehere anapanda ngazi. Nukta za sakafuni hazifai ngazini, nimelazimika kuanza moja kwa moja kutoka kwenye video. Hata kwake mwenyewe huwezi kumbandika Dada ovyo.

Jumapili, Aprili 19

Fundi Sauti amekuja nyumbani bila kualikwa, na begi la vipaza sauti mgongoni. Akamwamkia Dada kwa adabu zote, akamwomba arekodi sauti ya gongo lake ngazini.

"Wewe ndiye yule asiyeona kitu?" Dada akamuuliza.

"Ndiye mimi, dada. Macho yangu mabovu. Masikio mazima."

Akampandisha na kumshusha mpaka Dada akamwambia akiomba tena itabidi ambebe. Nimemwona leo amepiga magoti kwenye ngazi zilizolowa, kipaza sauti karibu na mpira wa gongo, amefumba macho. Akaniambia kwamba ile siku Chapuchapu aliponifutia kazi, yeye naye alikuwa ameshaweka nakala yake kwenye mashine zake, chini ya faili la matone ya mvua. Hakusema kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Nimeyafuta niliyoandika juu yake Machi. Sijayafuta kwa kalamu, nimeyafuta moyoni.

Ijumaa, Aprili 24

Cha saba. Mgongo unauma.

Alhamisi, Aprili 30

Chapuchapu amesimama nyuma ya kiti changu leo, mara ya kwanza tangu kikao. Akaangalia Kiherehere akikata kona. "Gongo linatangulia," akasema, si kwa kuuliza. Aliona. Mkono wake ulikuwa unasogea juu ya ubavu wake, kidole kikichora mduara mdogo, kama mtu aliyeshika penseli. Halafu akaenda kumwaga ndoo.

Jumatatu, Mei 11

Cha kumi na mbili kimetumwa. Jua limetoka tangu asubuhi, na ofisi inanuka zulia bichi.

Ijumaa, Mei 15

Siku yangu ya mwisho. Chapuchapu alitaka nihifadhi mwendo kwenye maktaba ya ofisi, pamoja na ule wa nyumba. Ni haki yake, kazi ni ya ofisi. Nikauhifadhi. Jina la faili nimeliandika kwa herufi kubwa: MWENDO WA DADA, USIBANDIKE KWA MTU MWINGINE. Akalisoma. Akakaa akafungua faili la mwendo wa nyumba, akalibadilisha jina nalo. Sikumwangalia ameandika nini. Tukapeana mikono, na mkono wake ulishika sana.

Jumamosi, Mei 16

Katuni yetu imerushwa kwenye televisheni. Dada ameangalia kipindi chote, gongo limelala mapajani. Kiherehere alipomwahi Shujaa kwenye geti la shule, Dada aliguna kidogo. "Huyo hachelewi," akasema. Kisha akaenda kusahihisha madaftari. Nilitaka zaidi. Nikajilazimisha kuridhika.

Ijumaa, Mei 22

Sina kazi bado, kwa hiyo ndiye mimi ninayepeleka vitu. Leo Dada alisahau miwani. Nikavuka barabara nikiwa nayo, nikafika getini mwa shule wakati wa mapumziko.

Uwanja ulikuwa umekauka. Kando ya darasa lake kulikuwa na kundi la watoto wanagombana. Nikasogea. Mmoja ana mpini wa fagio, mwingine rula ndefu ya ubaoni, mwingine mwavuli uliofungwa. Wamepanga mstari na wanatembea. Wananing'iniza mguu wa kushoto.

Damu ilinipanda kichwani. Nilijua ninachokiona, Dada alishaniambia: kila mwaka, kila darasa. Na safari hii mimi ndiye niliyewapa. Nikashika geti nipige kelele, ndipo nikasikia wanachogombea.

"Mimi ndiye Kiherehere! Wewe ulikuwa jana!"

"Jana nilikuwa nusu tu, kengele ikalia!"

Kabla sijajua la kufanya, Dada akatokea mlangoni mwa darasa. Watoto wakaganda. Mpini wa fagio ukaanguka. Yule wa mwavuli akauficha nyuma ya mgongo, na ulikuwa mrefu kuliko yeye.

Dada akawatazama mmoja mmoja, kwa jicho lile la jedwali la kuzidisha.

"Wewe wa fagio. Okota. Gongo linatangulia, mguu unafuata. Ukivipeleka pamoja utaanguka. Na kichwa juu, chini unatafuta nini? Haya, tazameni."

Akashuka kizingiti. Akaukata uwanja kwa mwendo wake wa haraka, kichwa hakichezi, na wao wakajipanga nyuma yake na mafagio na marula, mstari mzima, wanagonga ardhi. Nilisimama getini na miwani mkononi. Yale maandishi yangu ya herufi kubwa hayakuwa na maana yoyote hapa.

Hakugeuka nyuma hata mara moja. Alifika kwenye kona, akazunguka juu ya gongo, akapaza sauti:

"Wa tatu kutoka mwisho! Umechelewesha gongo. Nakusikia!"